Kitanda cha Aliyetangulia

Kwanza chekeni mmalize, ndipo tuongee. Miaka ishirini na kitu nimewapangia watu wa bonde hili safari za visiwani, Unguja, Pemba, Mafia, na mimi mwenyewe bahari sijaiona kwa macho. Mbali kabisa nilikofika ni Morogoro mjini. Nilikwenda kung'oa jino, na lilipotoka tu nikauliza basi la kurudi Ifakara linaondoka saa ngapi. Daktari akasema pumzika kwanza. Nikamwambia nitapumzikia njiani. Mimi ni mtu wa kwangu. Nikilala kitanda kisicho changu, naota ndoto za mwenye kitanda.

Kwa hiyo mnaponijia, nyie wa vyuo na nyie mnaojua kila kitu kwa kidole gumba, mkaniambia, "Mama Safari, tufundishe kupangia familia likizo ya kisiwani," natamani kuwajibu kamuulizeni mtu aliyewahi kulowa. Lakini kazi niliifanya, na makosa niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe. Kaeni.

Aliyenifundisha ni Mzee Deogratias, Mungu amweke pema. Ujanani alifanya kazi bandarini Dar, akarudi nyumbani na mgongo mbovu, akafungua ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi, katikati ya kinyozi na muuza vipuri vya pampu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina ninalojua ila mwandiko mzuri. Akanipa daftari kubwa na sheria moja: kila jina liitikiwe na mwenye jina. Usipokee orodha kwenye simu ukaridhika. Waite wote, au wapigie mmoja mmoja, usome jina, aitike kwa mdomo wake. "Jina linaloitikiwa na mtu mwingine si abiria, Editha," alikuwa akiniambia. "Hiyo ni habari tu."

Nikawa naona mzee anapoteza muda. Nani atajitungia abiria?

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Niliipeleka familia moja ya Malinyi pwani ya mashariki ya Unguja, baba, mama na vijana wanne. Siku ya pili asubuhi baba akanipigia.

"Mama Safari, bahari haipo."

"Haipo vipi, baba?"

"Haipo. Kuna tope na maji ya kifundoni, na akina mama wanalima humo. Sisi tumetoka kwetu kwenye majaruba ya mpunga, tumesafiri siku mbili, tuje kuangalia watu wanalima?"

Walikuwa wanalima mwani, na maji yalikuwa yamekupwa. Mimi niliyezoea mto unaopita njia yake mwaka mzima nilijuaje kwamba maji mengine yana saa za kuondoka na kurudi? Nikampigia Bi Mwanahamisi, mwenye nyumba ya wageni kule, akacheka mpaka akakohoa, halafu akanifundisha. Kuna siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inaondoka asubuhi unatembea nusu saa hujaikuta, na mchana inarudi kwa haraka. Hapo ndipo pa kuangalia, akaniambia, kwa kuwa haiji kutoka mbele tu. Inajaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, karibu na ufukwe, wewe uko mbele huko unaokota simbi hujui kama umeshazungukwa. Tangu siku hiyo kila familia niliyoipeleka nilikuwa naiandikia saa za maji kwenye karatasi, siku kwa siku. Mtu hajawahi kuona bahari, lakini ratiba yake anayo kichwani. Chekeni tena.

Jambo lingine: msihangaike kumzuia mtu wa Ifakara asibebe mchele wake. Atabeba. Mwambieni tu mapema mwenye nyumba amwachie jiko, na avumilie hotuba kuhusu mchele wa huko kwao unavyonukia.

Na vijana, hawa wa kumi na tatu hadi kumi na tisa, wao ni kazi ya peke yake. Mzazi atawaambia watoto wanataka kuona majengo ya kale. Watoto wanataka mtandao, chipsi, na kuachwa walale mpaka saa nne. Mimi nilikuwa namwambia mzazi, "Niachie hawa, kanywe chai," kisha nawauliza wenyewe. Msiwape chumba kimoja na wazazi. Msimkalishe binti karibu na baba kwenye boti, maana baba wa bonde akionja mawimbi atatapika, na binti hatamsamehe kwa kuwa ameaibishwa mbele ya watu. Tangawizi, biskuti kavu, viti vya nyuma chini. Viatu vya kuingilia majini kwa sababu ya urchini, wale wa baharini wenye miiba. Na siku moja kati ya siku zote msiipangie kitu. Vijana siku hiyo ndiyo wanayoikumbuka.

Mzee Deogratias alipofariki nikabaki na ofisi. Simu ya mezani ikatoka, zikaja za mkononi, orodha za majina zikawa zinaingia kwa meseji, na mimi nikaanza kuruka sheria yake kidogo kidogo. Nilijiambia nyakati zimebadilika.

Sasa niwaambie ya Doto.

Ilikuwa mwezi wa sita, karibu na mwisho wa miaka yangu ya kazi. Alinipigia mama mmoja wa kijiji cha Mbingu, Msukuma, familia ya wakulima wa mpunga, mwaka huo mavuno yaliwaendea vizuri. Akajitambulisha, "Mimi Mama Doto." Hapo tu ilinipasa nishtuke, maana nimeishi na Wasukuma wa bonde hili maisha yangu yote. Kwa mapacha wao, wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayezaliwa baada yao ni Shija. Mama wa mapacha huitwa Mama Kulwa. Ukisikia Mama Doto, ujue kuna kitu kimehama mahali pake. Mimi sikushtuka. Nilikuwa nakula muhogo.

"Tuko wanne," akasema. "Mimi, baba yao, Doto binti yangu mkubwa, na Shija. Tunataka kisiwani, siku tano."

"Na Kulwa je?" nikauliza, kwa sababu mkono wangu ulishaanza kuliandika. Hakuna mtu wa hapa anayeandika Doto asimwandike Kulwa.

Mtandao wa Mbingu nao mnaujua, nikadhani umekatika. Kisha akasema, "Kulwa ametangulia."

Mtu mwingine yeyote angesema pole. Lakini mimi nilikuwa karani wa safari, na kwa karani wa safari kutangulia ni kutangulia. Nusu ya watu wangu walikuwa na mtoto anayesoma Dar anayetangulia kisiwani kuwasubiri wenzake. Nikamwambia kwa furaha, "Vizuri sana, atawawekea nafasi!" Simu ikakatika kweli, na mimi nikaandika: Kulwa, binti, ametangulia, apokelewe. Chumba cha watoto kwa Bi Mwanahamisi kilikuwa na vitanda vitatu vilevile, wala bei haikubadilika. Ikawa imekaa sawa kabisa. Mwogopeni mtu akiwaambia kazi yake imekaa sawa kabisa.

Wiki mbili baadaye mama akaja ofisini na watoto. Doto alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, kimya, nywele zimenyolewa kama za shule. Shija ana kumi na nne na mdomo wa watu watatu.

"Shikamoo Mama Safari. Kule mtandao upo?"

"Marahaba. Upo."

"Wa kasi?"

"Wa kukutosha wewe na mashabiki wako."

"Na chipsi?"

"Kijana, unakwenda kisiwa chenye pweza na kamba, unaniuliza chipsi?"

"Pweza ana miguu mingi, mama. Mimi silogwi."

Nikamfukuza akanunue soda. Mama yake akanivutia pembeni mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini shida yao. Doto amechaguliwa kidato cha tano, shule ya ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Na Doto havuki mto. Tangu utotoni havuki. Mwaka uliopita walimpandisha basi, lilipokaribia daraja alipiga kelele mpaka kondakta akamshusha, akarudi Ifakara kwa miguu. Julai anatakiwa aripoti. Mama akawaza, mtoto akivuka bahari nzima, daraja litakuwa kitu gani? Ndiyo likizo yenyewe hiyo. Ila Doto amekataa wiki tatu, na safari imebaki siku nne.

"Niachie, kanywe chai," nikasema.

Nikabaki na Doto. Nikamweleza boti ilivyo kubwa, kwamba ukikaa katikati chini maji huyaoni. Akawa anaangalia vidole vyake. Nikapita kwenye mambo ya chumba, vitanda vitatu, vyandarua vipya.

"Cha tatu cha nani?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza naisikia sauti yake.

"Cha pacha wako. Si ametangulia?"

Akanyanyua macho. Wanangu, nimetazamwa na wateja wengi, wengine nimewapotezea mabegi. Sijatazamwa vile.

"Nani kakwambia?"

"Mama yako."

"Mama kasema Kulwa yuko kule?"

"Kasema ametangulia. Nimemwandikia kitanda."

Doto akatabasamu polepole, kama mtu anayekumbuka jinsi ya kutabasamu. "Basi nitaenda," akasema. Nami nikajisifu kwa mama yake kwamba vijana nawajua.

Wakaondoka alfajiri ya Jumatatu, walale Dar kwa ndugu, Jumanne wapande boti. Jumatatu hiyohiyo, kama saa tisa mchana, Bi Mwanahamisi akanipigia.

"Mwanangu, yule mtoto wenu keshafika."

"Ahsante, Bi. Amefika salama?"

"Salama. Ila kaja peke yake, hana hata mkoba. Kalowa chapachapa. Namuuliza umenyeshewa wapi, mbona jua kali, hasemi. Nikamwambia vua hilo gauni la kitenge, mkono wenyewe umechanika, nikupe kanga ujikaushe. Kaniambia hapana, nawangoja wenzangu."

"Vijana," nikasema.

"Nawe uliniandikia binti mkubwa. Huyu mdogo, mwanangu. Miaka tisa, kumi."

Nikasema labda ana umbo dogo, mapacha wengine huwa hivyo. Nikamshukuru. Halafu, kwa kuwa nilikuwa karani mzuri, nikampigia Mama Doto nimpe habari njema. Walikuwa ndiyo wanashuka kwenye basi, nasikia honi na wapagazi.

"Mama Doto, msiwe na wasiwasi, Kulwa keshapokelewa. Anawasubiri."

Honi zikaendelea.

"Umesema nani?"

"Kulwa. Si ulisema ametangulia?"

"Mama Safari," akasema taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. "Kulwa ametangulia mbele ya haki. Mwaka wa saba huu."

Elimu yangu yote ya sekondari, na neno linalotumiwa na kila mtu msibani, nikalisoma kama ratiba ya basi.

Akanisimulia hapohapo stendi, haraka haraka, kabla wenzake hawajamaliza kushusha mizigo. Wasichana wawili, mtumbwi mmoja, masika, wanatoka shamba la ng'ambo. Mtumbwi ulipinduka. Doto alishika matete. Kulwa hakuonekana, si siku ile wala baadaye, na mto haukurudisha hata ndala. Bibi yao mzaa baba akakataza watu wasilie. Alisema pacha akililiwa humwita mwenzake. Kwa hiyo hawakulia. Waliacha kulitaja jina, wakabadilisha hata la mama, na ndani ya nyumba ile miaka saba hakuna aliyesema Kulwa.

Nikatafuta maneno ya kuomba radhi. Kabla sijayapata akaniuliza, "Gauni lake lina mkono uliochanika?"

Mimi nilikuwa sijamwambia habari ya gauni.

Nikasema sijauliza. Ulikuwa uongo, na yule mama aliusikia.

Nikakata simu nikampigia Bi Mwanahamisi, nikamwomba anipe mtoto niongee naye. Nikasikia kandambili zake kwenye sakafu, nikasikia mlango. "Hayupo," akasema. "Kitanda cha katikati kimelaliwa. Shuka imerowa." Kisha sauti yake ikabadilika. "Kuna tope hapa. Jeusi. Mwanangu, kwetu mchanga mweupe, tope hili limetoka wapi?"

Nikamwambia labda ni mtoto wa jirani, ameingia kwa utundu. Akanijibu, watoto wa majirani wote yeye ndiye aliyewakata vitovu. Na mimi hadi leo nawaambia nyie vilevile, labda ni mtoto wa jirani. Mnaotaka kulala usingizi kaeni na hilo.

Simu ikaita tena. Safari hii baba yao. "Mama wewe, umetufanya nini? Sisi tumetunza nyumba miaka saba, wewe kwa peni yako moja! Kesho tunarudi."

"Baba, nisamehe. Nitawabadilishia tiketi leo hii."

"Lete simu," nikamsikia mama akisema kule, na akaichukua. "Doto anajua habari ya kitanda?"

"Nilimwambia mimi. Ofisini."

"Ndiyo maana akafunga begi mwenyewe." Akavuta pumzi. "Tukirudi, Julai ataripoti wapi? Atakaa nyumbani anaangalia mto hadi azeeke? Tunakwenda. Kuvuka atavuka. Ila sasa sijui kama nitarudi naye."

Nikaomba niongee na Doto. Niliona ni haki yake asikie ukweli kutoka kwa aliyemdanganya. Nikamwambia mwanangu, nilikosea, neno la mama yako nililielewa kikarani, kule hakuna mtu.

"Hujakosea, Mama Safari," akanijibu, sauti nyepesi kabisa, ya mtoto anayekwenda sikukuu. "Uliandika vizuri."

Jumanne walivuka. Doto alikaa nje, mbele kabisa ya boti, anaangalia maji saa zote mbili, na hakutapika. Baba yake ndiye aliyetapika. Nilipata meseji ya Shija: *mtandao uko fresh ila chumba kinanuka mto.* Usiku huo sikulala, na kitanda kilikuwa changu.

Siku ya tatu yao kisiwani, asubuhi kama saa tano, Mama Doto akanipigia. Upepo ulikuwa mwingi kwenye simu.

"Mama Safari, maji yanarudi saa ngapi?"

"Karatasi yangu haipo?"

"Shija ameifungia chapati! Yeye na baba yake wameenda kununua vocha, Bi Mwanahamisi yuko sokoni. Doto ameingia. Bahari ilipokwenda na yeye akaifuata. Nilidhani anaokota simbi. Sasa namwona mdogo kama kijiti."

Nikafungua daftari. Daftari halina hofu, ndiyo faida yake. Ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yameshageuka nusu saa iliyopita.

"Mama, yanarudi sasa. Yatajaza nyuma yake kwanza. Angalia karibu na wewe, kuna kijito?"

"Kipo. Kinatiririka."

"Mwite ageuke. Mwite sasa hivi."

Akaita, "Doto! Doto wee!" Upepo ukayachukua maneno. Akaita tena. "Hageuki. Anatembea kama mtu anayeongozwa. Mama Safari, anaongea na mtu. Naona mkono wake umenyooshwa chini hivi, kama ameshika mkono wa mtoto."

Nami nilikuwa wapi? Ifakara, kwenye kiti changu chenye mto wa sufi, sijui hata bahari inanukaje. Nikasema jambo ambalo sikulifikiria, lilitoka lenyewe. "Yeye umemwita. Umemwita mwenzake?"

Nikasikia simu inaanguka mchangani. Ikawa inasikika upepo tu, na maji, tena karibu kuliko mwanzo. Kisha nikamsikia, mbali na simu lakini wazi, sauti ambayo ilikaa imefungwa miaka saba.

"Kulwa! Kulwa mwanangu! Mwache mwenzio arudi!"

Na baada ya hapo akalia. Sijui kama mmeshasikia mtu analia kilio kilichocheleweshwa. Hakina aibu hata kidogo. Alimlilia mtoto wake kwa jina, kwa Kisukuma na Kiswahili, alimwambia tulikukataza msiba wako, tusamehe, lala, mwanangu, lala. Wanawake waliokuwa kwenye mwani wakaacha kazi, nikazisikia sauti zao zikija, wakaingia kilioni bila kuuliza ni nani aliyekufa. Mimi huku nikaifunga ofisi mchana kweupe, nikalia nao.

Sijui ni muda gani ulipita. Mtu akaokota simu.

"Amegeuka," akasema Mama Doto. Hakuwa na sauti tena. "Anakuja. Maji yako kiunoni. Wanawake wamemwendea. Wamemshika."

Hawakumaliza siku tano. Waliporudi, walikaa matanga nyumbani kwao Mbingu siku tatu, kwa mtoto aliyefariki miaka saba iliyopita. Bibi yao alihudhuria, akakaa kwenye mkeka na wengine, na hakuna aliyemwambia neno. Na pale Mbingu, watu wakaanza tena kumwita yule mama Mama Kulwa.

Julai Doto alipita ofisini kwangu na sanduku la chuma na godoro limefungwa kamba, basi la ng'ambo linangurumia stendi. Mama yake alikwenda kukata tiketi. Nilimwomba tena msamaha, akacheka, akasema, "Mama Safari, unapenda kuomba msamaha kama baba anavyopenda kutapika." Kisha akaketi juu ya sanduku, nikaona ana la kusema.

"Siku ile nilikuwa nafuata nyayo," akasema. "Ndogo. Zilikuwa mbele yangu mchangani, mpya, zinajaa maji. Mama alipoita lile jina nikaziangalia."

"Zikaishia hapo?"

Akatikisa kichwa. "Hazikuishia. Ziliendelea kwenda. Mimi ndiye niliyesimama."

Basi likapiga honi. Akabeba godoro kichwani, akanishika mkono kidogo, mkono mkavu wenye joto, akaondoka. Sikumpangia chochote safari hiyo. Nilisoma jina lake kwa kondakta dirishani, Doto, na yeye mwenyewe akaitika.

Saa saba mchana mama yake, aliyemsindikiza, akanipigia kutoka ng'ambo. "Daraja tumelivuka," akasema, "na Doto alikaa dirishani."